Kikombe Juu ya Boneti

Mimi ni mtu wa mdomo, nasema mapema usije ukashangaa mbele. Siku mume wangu alipoleta mifupa ya Landrova kwenye ua wetu pale Namuwongo, Kampala, ikiburutwa na lori la rafiki yake, nilisema mengi. Haikuwa na milango, haikuwa na sakafu, na chini ya boneti, juu ya injini iliyoganda kwa kutu, kuku alikuwa ametaga. Nilimuuliza kama kaleta gari au kaleta banda. Akacheka tu, akayaokota yale mayai akanipa nikayakaange.

Lori lilipoondoka ndipo akaniambia gari ni la nini. Mama yake alikuwa amelala chumbani kwetu tangu mvua zilizopita, tumbo limevimba, na daktari alishatuambia kwa upole turudi naye nyumbani. Mama alilisikia neno hilo kwa namna yake. Kwake Kampala haikuwa nyumbani. Nyumbani kulikuwa kaskazini, ng'ambo ya mto mkubwa, unaenda mpaka lami inakwisha, unapita udongo mweusi unaonata, halafu kuna kijito kisicho na daraja. "Nataka kufika macho yangu yako wazi," alituambia. "Msinipeleke nikiwa mzigo." Mabasi ya kule yalikuwa yamekufa kwa kukosa vipuri, na hata mazima hayakuwahi kufika kwenye mlango wake. Basi mwanawe, aliyekuwa makanika katika karakana ya serikali, akaamua kutengeneza gari litakalofika.

Mimi nimezaliwa Kenya, yeye mtu wa kaskazini, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Ndani ya nyumba tulipendana nacho na kugombana nacho. Nje kilikuwa kitu kingine. Nilipokwenda soko la Owino kutafuta turubai kuukuu na magunia, nikauliza bei kwa Kiswahili, wauzaji waliacha soga zao wakaanza kuniita madam, kwa sababu siku zile za utawala wa jeshi waliokisema kwa sauti kubwa ni wenye bunduki. Iliniudhi kweli. Mimi fundi cherehani, silaha yangu sindano, halafu mtu ananipunguzia bei kabla sijaomba. Nilimwambia mmoja, "Baba, ongeza bei kidogo nipate kubishana nawe." Hakucheka.

Kila jioni akitoka kazini, na Jumapili kutwa nzima, mume wangu alikuwa chini ya lile gari. Hapakuwa na duka la vipuri lenye kitu. Wahindi wenye maduka walikwisha kufukuzwa nchini, na waliogawiwa maduka hayo waliuza mpaka rafu. Kwa hiyo alichukua kitu hapa na kitu pale. Springi za lori lililopinduka aliziongeza juu ya zile za zamani, gari likainuka mpaka mimi nikahitaji kigoda kupanda. Bomba la moshi alilipindisha, akalipandisha kando ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa, maji ya kijito yasiingie. Nyaya alizivika mpira wa tyubu za baiskeli. Nyuma, badala ya viti, alining'iniza kitanda cha turubai nililoshona mwenyewe mshono mara mbili, kikashikwa na mipira ya tyubu kila pembe, ili barabara ikirusha gari isimrushe mgonjwa. Alilala humo yeye kwanza, akaniambia nilitikise gari kwa nguvu zangu zote. Nililitikisa kwa hasira zangu zote pia, na yeye akasinzia.

Sasa, miaka ile gari zuri lilikuwa balaa. Askari akilipenda analichukua, na mwenyewe akibahatika anarudi kwake kwa miguu. Wengine hawakurudi. Hivyo tuligawana kazi: kila alichokitengeneza vizuri kwa ndani, mimi nilikiharibu kwa nje. Kulitia gari ubaya ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa moyo. Nilichanganya rangi na majivu na udongo mwekundu, nikalipaka mpaka likaonekana linaumwa ukoma. Mlango aliouweka, uliofungika vizuri kabisa, niliufunga kwa kamba ya katani. Taa moja niliifunika bati lenye matundu, nikatia kiraka mahali pasipo na tundu. Jirani yetu Mganda alisimama akaliangalia, akaniuliza kwa huruma, "Nyabo, hii kitu yenu itatembea?" Nikamwambia tunaomba Mungu. Nilifurahi siku nzima.

Asubuhi moja alilipeleka kwenye bwawa lililo chini ya reli, pale penye mafunjo, mahali hata ng'ombe akiingia anatolewa kwa kamba. Nilisimama kwenye tuta la reli na majirani. Gari likaingia. Likazama mpaka juu ya magurudumu, mafunjo yakafunika boneti, tukaona bomba peke yake linakwenda likitoa moshi. Halafu pua ikainuka upande wa pili, matope yanachuruzika, na mume wangu ndani ametulia, mkono mmoja dirishani. Nilikuwa nimekaa na mtu huyu miaka, nimefua nguo zake, nimemtukana asipoleta sabuni. Siku ile nilijiona sijawahi kumjua.

Lakini hakuridhika. Injini ilikuwa na kikohozi kidogo, na hilo hakuweza kulivumilia. Aliifungua tena, akaisafisha, akaisikiliza kwa kijiti alichokiweka sikioni na ncha yake kwenye chuma, mpaka siku moja akaniita nije na chai. Nikadhani ana kiu. Alichukua kikombe kilichojaa pomoni akakiweka juu ya boneti, injini inanguruma. Chai ikatulia. Uso wa chai haukuwa na hata kikunjo. Niliinama nikaona sura yangu ndani yake, nikasahau kusema lolote, na mimi kusahau kusema ni habari.

Tuliondoka baada ya adhana ya alfajiri kutoka msikiti wa Kibuli, watoto tumewaacha kwa jirani. Mama kwenye kitanda chake, mimi kando yake nimeshika kibuyu cha maji. Vizuizi vya kwanza havikutusumbua. Askari waliliona gari, wakacheka, wakatupungia. Mmoja aliuliza kama tunakwenda kulizika. Nilijivunia kazi yangu.

Kwenye kizuizi kilicho karibu na mto mkubwa palikuwa na askari mtu mzima kidogo, ana kikombe cha bati cha chai mkononi. Alitusimamisha. "Zima gari."

"Afande, nikizima haliwaki tena," mume wangu akasema. "Ni bovu."

Askari akaweka kikombe juu ya boneti ili apokee karatasi zetu. Akazisoma. Akanyoosha mkono kuchukua chai yake, na mkono ukasimama hewani. Mimi nilikiona kile kikombe kabla yake. Chai imetulia tuli. Tuliuficha uzuri wa gari lile kwa macho ya kila mtu, na hatukukumbuka kwamba mtu anaweza kuweka kikombe cha chai juu yake.

Alizunguka. Akapapasa springi, akatazama bomba, akakwangua rangi yangu kwa kucha. "Mimi nimekuwa dereva wa jeshi," akasema taratibu. "Hii gari iko nzuri kuliko ya mkubwa wangu. Shukeni."

Mume wangu hakusogea. Niliogopa, si gari tu, niliogopa kwamba mume wangu atabisha na nitarudi mjane. Ndipo Mama akaongea kutoka nyuma, kwa kile Kiswahili cha kambini alichokipata kwa marehemu mumewe, askari wa zamani wa Waingereza.

"Chukua gari, mwanangu. Lakini mimi sishuki."

Askari akafunua turubai lililofunika nyuma ya gari. Walitazamana. Askari alimtambua kwa chale za usoni kuwa mtu wa kwao, nami niliona namna alivyobadilika.

"Mimi nakwenda kufa," Mama akasema. "Kwetu, na wewe unajua, mtu anayekufa hashushwi njiani. Aliyembeba ndiye anafikisha. Anachimba kaburi, analeta kondoo, anakaa na matanga. Kama gari iko yako, mimi pia niko wako. Niambie jina lako, nijue mtoto wangu mpya anaitwa nani."

Askari hakusema jina. Alisimama pale, turubai mkononi. Sijawahi kuona mtu mwenye bunduki akiwa mpole namna ile mbele ya mtu asiyeweza hata kukaa kitako. Mwishowe alilishusha turubai taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akaenda mbele, akachukua kikombe chake.

"Peleka mama yako," akamwambia mume wangu. "Na hii gari isirudi kupita hapa." Halikurudi. Tulirudi Kampala kwa malori ya watu, gari likabaki kule likibeba wagonjwa na wajawazito.

Lami ilikwisha. Udongo mweusi ukatushika magurudumu, gari likatambaa tu, halikusimama. Kwenye kijito maji yalipita juu ya sakafu nikamwinua Mama miguu. Yeye alikuwa akitazama nje kupitia tundu la turubai, macho makubwa. Tukatokea kwenye uwanja wa nyumba yake jua likiwa bado juu. Hapakuwa na mtu uani, na mume wangu alikaa tu kwenye usukani, injini inanguruma, nadhani hakuamini.

"Zima sasa, mwanangu," Mama akasema. "Nataka kusikia nyumbani."

Akazima. Masikio yalichukua muda kuzoea. Halafu tukasikia njiwa, na mbuzi mahali fulani, na nyuma ya nyumba mtu anatwanga mtama, pigo moja zito, moja jepesi. Mama alifumba macho kusikiliza, halafu akayafumbua wazi kabisa.

"Huyo anayetwanga," akasema, "ni dada yangu."