Mbuzi Watatu Kutoka Nuu Hadi Tawa

Enzi zetu, safari ya siku moja iliandaliwa wiki mbili nzima, na aliyeiandaa hakuwa na ramani, simu wala saa ya mkononi. Wajukuu wangu hucheka nikisema hivyo. Wao wanaingia garini, simu inawaambia wapinde kushoto, wanapinda, na wakikuta barabara imekatwa na maji wanabaki wakiikodolea macho simu kana kwamba itashuka iwasukume. Basi wacheke. Mimi nimesafiri kutoka Nuu, wilaya ya Kitui, hadi Tawa kwa siku moja, miaka ya hamsini, juu ya lori pamoja na mbuzi, na sijamwona mmoja wao wa kunifunza safari ni nini.

Nilikuwa darasa la tatu. Lori tuliliona mara moja kwa wiki, siku ya soko, likija kuchukua ngozi na samli, nasi tulilikimbilia ili tulinuse tu. Tukitoka shuleni tulicheza mchezo wa lori: mmoja dereva, wawili taniboi wa kupakia mizigo, na waliobaki walikuwa magunia, wakibebwa na kutupwa chini bila huruma. Mimi nilikuwa gunia mara nyingi kwa sababu nilikuwa mwembamba. Nyumbani tulikula isyo, mahindi na maharagwe, kila siku ya Mungu, na hakuna aliyethubutu kusema amechoka nayo. Baba alikuwa amefariki. Tulibaki watatu: mama, mimi, na kaka yangu Musyoka, aliyekuwa ametoka tu kusomea ualimu.

Huko chuoni Musyoka alikuwa amempata Ndunge, msichana wa Tawa, ng'ambo ya mto Athi, upande ambao leo ni Makueni. Kwetu Wakamba, huwezi kusema umeoa kabla mbuzi wa ntheo hawajafika kwa kina msichana. Hao ndio wanaofungua mlango, mengine yote hufuata. Na babu yake Ndunge alikuwa mzee wa msimamo mkali. Kwake, mbuzi wa ntheo hawalali njiani. Wakilala kwa mtu, ni wa mtu huyo, na msichana umeshamwoza kwenye boma usilolijua. Akatuma ujumbe: waleteni Jumamosi baada ya wiki mbili, kabla jua halijazama. Wakichelewa, kuna jirani wa kilima cha pili ambaye naye ana mwana, na mbuzi wake watakuja kwa miguu.

Kila mtu Nuu alijua kwamba Tawa ni safari ya siku mbili, na usiku mmoja unalala Kitui mjini. Baba mdogo Nzioka, aliyepaswa kuwapeleka mbuzi hao kwa niaba ya ukoo, alikataa hata kukaa chini.

"Mke wa ndugu yangu, mtafutie kijana msichana wa hapa. Wako wengi."

"Wako," mama akamjibu. "Lakini si hao anaowataka."

Musyoka alikuwa ameacha kula, na mwalimu mzima alikuwa akikaa nyuma ya nyumba akivunja vijiti. Mama alimtazama mchana mmoja, akajifunga leso kiunoni, akaniambia nilete daftari.

Mama hakujua kusoma, lakini alijua kuuliza. Aliwauliza wanawake waliochota maji kwenye mchanga wa mto Enziu, wakamwambia mchanga wa alfajiri umeshikana na ule wa saa nne unameza gurudumu. Nikaandika: Enziu, kabla jua halijatoka. Alimuuliza Bwana Salimu, mfanyabiashara Mwislamu wa Mwingi ambaye lori lilikuwa lake, ni wapi injini huchemka. Kabla ya Kitui, akasema, kwenye mlima. Nikaandika: madumu mawili ya maji. Salimu mwenyewe hakuwa na safari ya Tawa. Mama akamwambia kwamba huko maharagwe yamevunwa na hayana mnunuzi, aende na mbuzi na arudi na magunia. Salimu akakuna ndevu siku nzima, jioni akasema, "Mama Musyoka, mimi nitakupeleka, lakini lori likikwama shauri yako."

Ndipo mama alipowaita wanawake wa mwethya wake, kikundi chao cha kulimiana mashamba. Siku moja kabla ya safari waliacha majembe, wakakata matawi na nyasi, wakatandika njia ya lori juu ya mchanga wa Enziu kutoka ukingo hadi ukingo. Waliimba wakifanya kazi hiyo, na nyimbo zenyewe zilimsema baba mdogo Nzioka kwa jina.

Likabaki suala la kibali. Siku hizo mifugo haikuvushwa kutoka wilaya moja hadi nyingine bila karatasi, kwa ajili ya karantini. Mama alitembea hadi kwa chifu mara mbili, akafukuzwa mara ya kwanza na akaketi mlangoni mara ya pili, mpaka karani akaandika ili aondoke: mbuzi watatu, kutoka Nuu kwenda Tawa.

Kosa alilifanya kwa ajili ya fahari. Hakutaka watu wa Tawa waseme mbuzi wa Kitui ni mifupa inayotembea. Kwa hiyo alimpa jirani mbuzi wake wawili waliokonda, naye akapewa badala yao jike moja la kijivu, limenona, tumbo limejaa. Kila aliyepita alimsifu. Mwanamke aliyejua mchanga wa Enziu unalegea saa ngapi hakuinama kutazama kiwele.

Jumamosi ikafika. Tulivuka Enziu juu ya matawi bila gurudumu hata moja kuzama, na Salimu akapiga honi kuwashukuru wanawake waliosimama ukingoni. Mwingi tulipita mapema, mlimani injini ikachemka tukaimwagia maji yetu, Kitui tukala viazi vitamu baridi bila kushuka. Baba mdogo Nzioka, aliyekuja kwa sababu aliona aibu kubaki, alikuwa amekaa mbele akiwa amenuna. Saa tisa mchana tulivuka daraja la Athi. Upande wa pili kulikuwa na kizuizi, mti uliolazwa barabarani, na askari mmoja aliyetoka mbali na kwetu, maana hakujua Kikamba.

Lori jingine lilikuwa mbele yetu, tukangoja. Tulipokuwa tunangoja, jike la kijivu likalala chini, likalia sauti ambayo kila mtoto wa mfugaji anaijua. Askari alipofika kwetu alikuta mtoto wa mbuzi anajaribu kusimama.

"Karatasi inasema mbuzi tatu," askari akasema. "Hapa iko nne. Rudi Kitui, lete karatasi ya nne."

Nilimwona Musyoka akifunika uso. Baba mdogo akasema, bila kumtazama mtu, "Nilisema." Nami nikaanza kulia, kwa sababu daftari lilikuwa mikononi mwangu na nilidhani ni mimi niliyeandika vibaya.

Mama alishuka kwenye lori polepole. "Mwende, soma karatasi," akaniambia. Nikasoma huku nikivuta kamasi. Akamgeukia askari.

"Hizi tatu zimetoka Kitui?"

"Ndiyo."

"Na hii ndogo umeiona ikitoka Kitui?"

Askari akamtazama yule mtoto wa mbuzi.

"Imezaliwa upande gani ya daraja?"

"Hii."

"Basi hii ni ya huku kwenu. Haijavuka mto. Unataka karatasi ya kutoka wapi kwenda wapi?"

Salimu alicheka mpaka akashikilia mlango wa lori. Askari alijitahidi kukaza uso. "Mama, wewe utaniletea maneno kwa mkubwa."

"Maneno ni kama nitalala hapa kwako," mama akasema. "Na mimi nitalala. Na watoto, na mbuzi, na huyu mzee aliyenuna." Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akanyoosha miguu. Kizuizi kikainuliwa.

Tulifika Tawa jua likiwa limebakiza mkono mmoja juu ya vilima vya Mbooni. Mbuzi wa jirani walikuwa wameshafungwa nje ya ua, wanakula majani. Babu yake Ndunge alikuwa amesimama langoni na fimbo yake.

"Mmelala wapi?" akauliza, hata kabla ya salamu.

"Hatujalala popote," mama akasema. "Tumetoka Nuu leo."

Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa kusikia uongo mwingi wa wakwe. Mama hakubishana. Alichukua mtoto wa mbuzi kutoka kwenye shuka nililombebea, akamweka mikononi mwa mzee. Mzee akampapasa miguu, akageuza tumbo, akagusa kitovu kilichokuwa bado kibichi.

"Huyu amezaliwa wapi?"

"Athi. Leo, saa tisa."

Mtu aliyefuga mbuzi maisha yake yote hadanganyiki kuhusu kitovu. Alimshika yule mtoto kwa muda mrefu, kisha akawaambia vijana wake, "Fungueni." Mbuzi wa kilima cha pili walifunguliwa wakarudi kwao, na mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya mazishi ya baba, aligeukia lori akajifuta uso kwa ncha ya leso.

Sasa Kioko, mjukuu wa Musyoka na Ndunge, anachumbia msichana wa Matiliku, huko huko Makueni. Kuna lami na kuna madaraja, na safari ambayo mama aliitafuta kwa wiki mbili inamalizika kabla chakula cha mchana hakijapoa. Juzi waliitisha kikao wakaamua mbuzi wa ntheo wageuzwe pesa, zitumwe kwa simu, na wao wenyewe walale hotelini Kitui kwa sababu ni mbali. "Susu, hiyo ni same tu," Kioko akaniambia mimi nyanya yake. Si sawa, na nimekataa mbele ya watu wote. Nimeambiwa mimi ni mkaidi na mambo yamebadilika. Ukaidi nimerithi, sitaomba msamaha. Mbuzi watatu nimeshawachagua, na mwenye pikapu tumekubaliana saa ya kuondoka. Asiyetaka abaki.

Mwaka jana, siku chache kabla hajatuacha, Ndunge alinieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Jioni ile alikuwa ameshaambiwa avae awapokee wale wa kilima cha pili, naye alikuwa amechoka kungoja, akakubali. Alikuwa jikoni anafunga kitambaa kichwani. Halafu akasikia mbuzi wanalia barabarani, sauti zimekauka, sauti za mbuzi waliotoka mbali, akakifungua kitambaa.

Kioko, msichana wako atasikia nini?