Kiingereza cha Chini ya Draya

Saa tatu asubuhi saluni imeshajaa. Msichana wa miaka kumi na saba anamfunga mteja rola ya mwisho, anamshushia draya kichwani na kubonyeza swichi. Mashine ikishaanza kunguruma, anainama nyuma ya kiti na kuanza kuongea Kiingereza.

Anasimulia habari za mvua. Anasimulia mdogo wake anavyokoroma. Mteja macho yako kwenye simu, hata hajui kama anasemeshwa.

"Hawa hawanicheki," anasema msichana, huku akicheka mwenyewe. "Hawasikii kitu!"

Hapa kazini wanamwita Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea. Kwa Kiswahili mdomo wake haupumziki. Utapata umbea wa mtaa mzima kabla hujafunguliwa rola. Lakini kwenye darasa la Kiingereza la vijana, jioni, huketi nyuma kabisa kama aliyemwagiwa maji. Hatua ya kwanza ameirudia, na mara zote mbili aliangushwa na mtihani wa kuzungumza mbele ya wenzake.

Sasa yuko mara ya tatu, na mtihani ni Jumamosi asubuhi. Shangazi yake, mwenye saluni, ameshamwambia hakuna mara ya nne. Jioni ndipo wateja wanapomiminika, na shangazi ana mikono miwili tu.

"Vijana wangu hawaogopi kufeli, wanaogopa kuchekwa," anasema mwalimu wake. "Akikosea mmoja, wote wanaangua kicheko, hata asiyeweza kusema neno. Wengi wanaacha. Huyu kila siku yupo, na kila siku hasemi. Ananishangaza."

Kwa nini basi haachi? Chiriku anashusha kitana na kufikiri.

"Nikiacha ndiyo nitakuwa sijui kweli," anasema. "Sasa hivi najua, ila mbele za watu hakitoki."

Wiki iliyopita kilitoka bila kupanga. Umeme ulikatika ghafla, draya ikanyamaza, na sauti ya Chiriku ikabaki peke yake katikati ya saluni.

"Mwanangu, unaongea na nani?" aliuliza mteja aliyekuwa chini ya mashine, mama mmoja fundi cherehani. Wanawake walicheka mpaka wakajifuta machozi. Chiriku alitamani ardhi ipasuke.

Shangazi hakucheka. Kiingereza hakijui, kwa hiyo aliuliza tu, "Ulikuwa unasema nini?"

"Habari zako, shangazi."

"Nzuri au mbaya?"

"Nzuri. Na mbaya kidogo."

Leo mchana wateja wamepungua. Shangazi anavuta kiti, anajiweka chini ya draya na kilemba chake kichwani. Waya wa mashine umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

"Haya, nisimulie na mimi hizo habari zangu," anasema. "Usikae nyuma. Njoo hapa mbele, nikuone."

"Shangazi, hutaelewa."

"Kwani nimesema nataka kuelewa? Sema."

Chiriku anasimama mbele yake, kitana mkononi. Anaanza vizuri, kisha neno linamponyoka. Msusi mmoja anakohoa kuficha kicheko. Chiriku anamtazama, anarudi mwanzo wa sentensi na kuimaliza. Anaendelea. Sauti inatetemeka, lakini haikatiki tena, na shangazi anamsikiliza bila kupepesa macho.

"Nikifaulu nitaingia hatua ya pili," anasema baadaye, akifagia nywele. "Nataka siku moja niongee na mteja yeyote anayeingia mlangoni, awe ametoka popote. Nipige naye umbea kama ninavyopiga na hawa."

Simu ya saluni inaita. Ni mteja anayetaka nafasi ya Jumamosi, siku ambayo saluni hii hujaa kuliko zote. Shangazi anamsikiliza mpaka mwisho.

"Jumamosi asubuhi hatufungui, mama," anamjibu. "Naenda kusikiliza habari zangu."