Uso Katika Daftari la Ikupa

Ikupa alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuchora. Utotoni alichora ng'ombe kwa mkaa kwenye ukuta wa mama yake, akachapwa, kisha akaiokota fimbo ileile na kuchora nayo mavumbini. Miaka minne ya shule ya misheni ikamwongezea ugonjwa wa pili, kuandika. Alipoolewa na Fanueli kule Uyole alikuja na daftari ndani ya kapu la nguo, na lilipojaa aliomba karatasi za kufungia sukari dukani kwa Mrisho, akazishonea humo kwa uzi. Viazi viliungua mara nyingi katika nyumba ile. Fanueli alivila akicheka.

Yeye hakujua kusoma, na kwa miaka kumi na minane jambo hilo halikumnyima raha. Mpaka siku moja ya mwaka 1957, alipokuwa akitafuta kiberiti, akalikuta daftari limeachwa wazi. Kijana mwanamume alikuwa akimtazama. Kijana mzuri hasa, ndevu ndiyo kwanza zinaota, na chini yake maneno. Akafunua ukurasa wa nyuma yake: yuleyule tena!

"Huyu nani?"

Ikupa alimtupia jicho mama mkwe wake, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni. "Si mtu, Baba Sekela. Mawazo yangu tu."

Si mtu! Mtu asiye mtu anavaa shati lenye kola? Tangu hapo Fanueli alikuwa mlinzi katika nyumba yake mwenyewe. Ikupa akienda kisimani, alipima kwa jua amekaa muda gani. Akiimba, alitega sikio kujua anamwimbia nani. Akinyamaza, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumamosi alichana ukurasa mmoja kwa siri akaupeleka kwa Mrisho, ambaye alijua sura za soko zima. Kabla ya kuuweka juu ya meza aliukunja sehemu ya chini, maneno yasionekane.

"Nikusomee, bwana?" Mrisho aliuliza.

"Nataka uso tu. Mambo ya nyumbani kwangu hayasomwi dukani."

Mrisho akaigeuza karatasi kuelekea mwanga. "Unanitania, Bwana Fanueli. Pua hii, paji hili, ni vya kwenu. Huyu si Mika?"

Mika alikuwa mdogo wake Fanueli, kijana aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Makongolosi na suruali mbili ndefu na maneno mengi. Shemeji hiki, shemeji kile. Njia nzima Fanueli aliyakumbuka yote, hata kiazi kikubwa alichopakuliwa Mika juzi.

"Toka kwangu," alimwambia mdogo wake mara tu alipofika. "Unajua ulichofanya."

"Kaka, nimefanya nini?"

Fanueli alimwonyesha njia kwa kidole. Mika alijitwisha sanduku lake akashika njia ya Mbeya huku analia, mtu mzima yule. Fanueli akaingia jikoni, akaitupa karatasi motoni, akalitupia na daftari lote. Ikupa alipiga kelele, akaingiza mkono kwenye moto. Alitoka na majivu.

"Sasa hawara wako amekwenda," Fanueli alisema.

"Saulo," Ikupa alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Pale mlangoni kisu cha mama mkwe kikasimama. "Umemchoma Saulo, mwanao wa kwanza."

Mtoto yule walimzika akiwa na mwaka mmoja, na mama mkwe akakataza jina lake lisitajwe tena, asije akawaita kaburini Sekela na wadogo zake wengine. Halikutajwa.

"Nilikatazwa kumtaja, sikukatazwa kumchora. Kila mwaka, siku aliyozaliwa, nilimchora jinsi ambavyo angekuwa amekua. Chini yake niliandika: leo mwanangu angekuwa na miaka mitano, leo kumi, leo kumi na sita. Ungeomba usomewe, ungejua."

Fanueli alichuchumaa kando ya mafiga. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta. "Mchore tena, Mama Sekela."

"Picha ya kwanza niliichora akiwa hai, amekaa mapajani mwangu. Nyingine zote nilizitoa kwa huyo. Sasa nitamtoa kwa nani?"

"Nitazame mimi. Si amefanana nami?"

Ikupa alimtazama kwa muda mrefu, akipapasa mkono wake ulioungua.

"Nimetazama," alisema. "Uso huo una shaka tupu. Mwanangu hakuwa hivyo."