Sentimita Arobaini za Tata Muamba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye mawe yaliyo juu ya bonde la Nzilo, Kisimba Gracien anavua buti za mpira, anazifunga kwa kamba na kuzitundika shingoni. Mawe yamelowa mvua. Unyayo mtupu hushika kuliko mpira, anasema, kisha anaanza kupanda.

Nyuma yake anahema mkuu wake wa kazi, Kabongo. Katika miaka kumi na moja ya ofisi, hii ni mara yake ya kwanza kupanda huku. Begani amebeba bomba jembamba la plastiki angavu, mita ishirini. Atakachokipima kwa bomba hilo ndicho kitakachoamua kama Kisimba atakuwa na kazi kesho.

“Kama ulidanganya, Kisimba, nitakuzika hapa hapa,” anasema Kabongo. “Kukushusha sina nguvu.”

Kisimba, mwenye miaka arobaini na minne, ni msomaji wa maji. Mara moja kila mwezi hutoka Kapata, mji wa wachimba shaba, gizani kwa baiskeli, huiacha kwa mlinzi chini ya mlima, hupanda kwa saa nne na kushuka kwa saa tatu. Safari yote hiyo ni kwa ajili ya kutazama miti mitatu iliyochorwa namba, mmoja katika kila ziwa. Maziwa hayo ni madogo na ya baridi, yamekaa kileleni kati ya nyasi na mawe. Watu wa Kapata huyaita Kule Juu, basi. Maji yake hushuka kuelekea bwawa la umeme la Nzilo, na ofisi ya bwawa hutaka kujua mapema ni maji kiasi gani yanayokuja.

Mshahara wa mwisho aliupata Agosti mwaka jana, 1993. Pesa iliyokuwa ikinunua gunia la unga sasa hainunui hata ndoo. Upande wa Mashamba, kwenye mgodi, mashine nyingi zimelala zinaota kutu. Nyumba yake ya watu saba inakula kutoka shamba la mihogo la mkewe, Godelieve. Majirani humuuliza anapanda kwa faida gani.

“Maji haijue kama mushahara haiyakuya,” huwajibu; mshahara haujaja, lakini maji yanakuja.

Kazi hii haikuwa yake. Kwa miaka sita alikuwa mbebaji wa Muamba, msomaji aliyemtangulia, ambaye yeye humwita Tata, yaani baba, mzaliwa wa Kapata ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba.

“Mi nilikuwa nabebaka chakula tu,” anasema Kisimba. “Yeye njo aliniambia: inama, jicho ikuwe sawa na maji. Kusoma namba, alinifundisha yeye.”

Septemba waliokuwa wakiwafukuza watu wenye asili ya Kasai walifika mlangoni kwa Muamba. Watu hao, wazaliwa wa Kapata, waliitwa bilulu, wadudu, katika mji ambao baba zao waliuchimba kwa mikono. Liandikwe bila kulainishwa: ilikuwa aibu, na waliotendewa waliwajua kwa majina waliotenda. Kisimba alibeba godoro hadi stesheni. Muamba na mkewe, Mbelu, walilala hapo wiki tatu wakingoja treni, na kila jioni Godelieve aliwapelekea ugali na sombe, majani ya mihogo. Treni ilipokuja, Muamba alivua buti zake za mpira na kumpitishia Kisimba mlangoni mwa behewa pamoja na daftari la maji. Akamwomba Kisimba asiruke mwezi hata mmoja.

Oktoba Kisimba alipanda peke yake na kuandika alichokiona. Maziwa mawili yalikuwa yamepanda kidogo kwa mvua za kwanza. La tatu, lililo juu kabisa, lilikuwa limeshuka zaidi ya sentimita thelathini. Kila mwezi uliofuata namba za ziwa hilo zilikuja chini kuliko zilivyopaswa. Kabongo aliamini kwamba msomaji wake anaishia chini ya mlima na kutunga namba kivulini. Januari alimwambia kuwa kazi itafungwa. Namba hizo zilimshangaza hata Kisimba mwenyewe.

Mwishoni mwa Februari mfanyakazi wa treni alimletea barua iliyokunjwa mara nyingi. Ilitoka Mwene-Ditu, huko Kasai, ambako Muamba na familia yake wanaishi katika chumba cha darasa. Baada ya salamu za kila mtu nyumbani, barua iliingia moja kwa moja: ziwa la tatu, ongeza arobaini.

Mwaka 1986, kabla Kisimba hajawa mbebaji, moto wa nyasi uliunguza mti wa kipimo wa ziwa hilo. Mti mpya uligonga mwamba, haukuzama vya kutosha, ukasimama sentimita arobaini juu ya ule wa zamani, kwa hiyo ulisoma arobaini pungufu. Tangu hapo Muamba alikuwa akiongeza arobaini kichwani na kuandika jumla tu. Alikuwa hajamwambia mtu. Alilikumbuka jambo hilo siku ya nne ndani ya behewa. Akaandika pia kuwa kuna jiwe kama mgongo wa mbuzi, na chini ya ukoga wake upo msumari wa shaba, kwenye usawa wa alama ya mita mbili ya mti wa zamani. Kisimba aliipeleka barua ofisini, na Kabongo akasema atapanda kupima mwenyewe.

Saa nne na nusu wanafika ziwa la tatu. Maji ni meusi, upepo unakata. Mawe yanayofanana na mgongo wa mbuzi ni mawili. La kwanza Kisimba analikwangua hadi kucha zinatoka damu, hakuna kitu. Kabongo anatazama pembeni. Kwenye la pili, chini ya ukoga, kinatokea kichwa cha msumari, kijani.

Kabongo anashikilia ncha moja ya bomba lililojaa maji kwenye msumari. Kisimba anaingia ziwani hadi kiunoni na kuegemeza ncha nyingine kwenye mti. Maji ndani ya bomba yanacheza, kisha yanatulia, usawa mmoja katika ncha zote mbili.

“Metre moja na sitini,” anasoma Kisimba.

Kabongo anamwambia asome tena. Halafu wanabadilishana, naye anaingia na suruali yake ya ofisi, anainamisha kichwa hadi jicho linakuwa sawa na maji.

“Sitini,” anasema. “Kwa mbili, arobaini inapungua kweli.”

Akiwa ameketi juu ya jiwe, maji yakimchuruzika, anasahihisha miezi mitano kwa kalamu nyekundu na kutia saini. Kazi inabaki. Kuhusu mshahara hana ahadi.

“Mutu banamufukuza kama imbwa,” anasema Kisimba polepole, “na mule mu wagon anafikiri mi nisikose. Mi nitamushukuru na nini?”

Ukurasa mmoja bado hauna saini ya msomaji: Septemba, usomaji wa mwisho wa Muamba. Kabongo anampa Kisimba kalamu atie saini badala yake. Kisimba anatikisa kichwa na kulifunga daftari. Kiangazi kikifika atapanda treni hadi Mwene-Ditu akiwa nalo kifuani, Muamba atie mwenyewe.

“Pale ni pa mwenyewe,” anasema. “Na viatu yake, nitamurudishia.”

Anatundika buti shingoni, na wanaanza kushuka.