Shikamoo Iliyokwamisha Mpunga

Ofisi yetu ya Mirongo ina meza mbili na kiburi cha kujaza uwanja wa mpira. Kiburi ni cha bosi. Tulisoma naye madarasa ya jioni, benchi moja, tukisinzia pamoja. Lakini alipopata cheti alirefuka ghafla, akawa anaingia mlangoni kwa kuinama.

Tulikuwa tumetengeneza programu ya kinu kimoja cha mpunga kule Magu. Mkulima anafika, karani anaandika jina na umri, kompyuta inatoa namba, magunia yanaingia ghalani. Bila namba, haliingii hata moja. Programu yenyewe tuliigawa matawi mawili, yaani nakala mbili. Tawi la kazi ndilo lililotumika kinuni, na halikuongezwa kitu ila kilichojaribiwa mpaka kikaomba huruma. Tawi la majaribio lilikuwa letu, la kuvuruga tutakavyo. Mbuzi angeelewa. Bosi hakuelewa. Tawi la kazi aliliita la waoga.

Mchana mmoja akaja na ubunifu: mkulima akiwa mtu mzima, kompyuta imwamkie kwa sauti, tena sauti ya bosi mwenyewe.

"Dunia nzima hawana kitu hiki," akasema.

"Umekijaribu?"

"Wewe utazeekea kwenye majaribio, bwana."

Akakitia moja kwa moja kwenye tawi la kazi, akaegemea kiti kama aliyegundua moto.

Hajamaliza kuegemea, simu yangu ikaita. Karani wa kinu.

"Kaka, kompyuta imemwamkia bibi mmoja hapa, sasa imetulia tu."

"Imetulia vipi?"

"Inasubiri aitikie."

Nyuma yake nikamsikia bibi mwenyewe: "Marahaba! Nimesema marahaba! Mtoto gani huyu, anaamkia halafu hasikii?"

Nikafungua programu. Bosi aliandika salamu, akaandika mashine isubiri kuitikiwa, halafu sehemu ya kusikia marahaba hakuiandika. Karani akizima na kuwasha, inaanza upya: shikamoo. Bibi angeitikia mpaka ziwa likauke.

"Na mvua inakuja, kaka. Magunia yake yako nje, mavuno yake yote."

Mpunga ukilowa ndani ya gunia unachipua. Nikamgeukia bosi.

"Turudishe tawi la kazi lilivyokuwa asubuhi."

"Turudi nyuma? Nipe muda kidogo niandike marahaba."

"Mvua haikupi."

"Kurudi nyuma ni tabia ya walioshindwa!"

Nikairudisha programu ya asubuhi, bubu, isiyojua shikamoo wala hujambo. Karani akapiga kelele: "Imetoa namba!" Nikasikia vijana wakikimbia na magunia, kisha mabati yakaanza kulia, utadhani ng'ombe wote wa Usukuma wanapita juu ya ghala.

"Kuna lililobaki nje?"

"Hakuna. La mwisho limelowa kitako tu."

Bibi akachukua simu. Nikamwamkia, akaitikia upesi.

"Hii ya sasa haina adabu," akasema, "lakini inafanya kazi. Ile nyingine muifunze kwanza nyumbani kwenu."

Bosi hakuinua kichwa. Bado alikuwa anaandika marahaba. Nikamwacha aendelee, tawi la kazi nilikuwa nimeshalifunga, asiweze kuligusa tena bila mimi.