Muhula Waliomficha Msiba

"Nimesema nipe chaja yangu! Au wizi umeuanzia uzeeni?"

"Sijaiona, mwenzangu."

"Hujaiona, na jana ulikuwa umeishika?"

Aliyelalamika, mkono kiunoni, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Wenzake walimwita Chaki, maana hata aoge vipi ule unga haukumtoka kwenye kucha. Aliyelalamikiwa ni Redio, mwalimu mwenzake kutoka mji mmoja, mwanamke asiyezimika tangu anapofumbua macho.

Vijana wa chuo walikuwa wamekwenda likizo ndefu, na walimu wazima ndio waliojaza mabweni yao kutafuta stashahada. Wamama wenye magoti yanayolia walikwea vitanda vya juu vya chuma, wakapanga foleni na ndoo mlangoni pa bafu, wakaning'iniza magauni yao katika kabati zilizobandikwa picha za wachezaji mpira. Mhadhiri wao mmoja Chaki angeweza kumzaa na chenji ikabaki. Hata bwaloni hakunyamaza: "Wali huu wenye mawe mmeununua kwa mwashi?"

Maneno yote hayo, lakini moyo wake ulikuwa nyumbani kwa mama yake, aliyemwacha na miguu iliyovimba mikononi mwa kaka yake, fundi magari. Kila jioni alipiga simu wakaongea. Wiki ile ya mitihani kaka akawa na majibu mafupi. Mama amelala. Mama yuko bafuni.

"Bafuni tena? Mnamwogesha au mnamfua?"

Kaka hakucheka.

Mama alikuwa amekwisha kufa. Kaka alimpigia Redio akamsihi: asiambiwe mpaka amalize karatasi ya mwisho, la sivyo ataacha kila kitu, na mama alikitaka cheti hicho kuliko mwenye kukisomea. Redio, ambaye hata habari ya mchuzi kuungua ilimwasha ulimi, akaimeza hiyo nzima. Chaja ya Chaki akaisokomeza ndani ya foronya, simu izime habari isije ikamfikia. Usiku aligeukia ukutani, akiulizwa, anasema ni mafua.

Karatasi ya mwisho ilipokwisha, Chaki alipanda ngazi za bweni akicheka peke yake. Akakuta begi lake limefungwa, limewekwa mlangoni.

"Nani kafunga begi langu?"

"Mimi. Kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

Redio akasema. Chaki hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kazikwa lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye ngazi zile zile akisukwa, akicheka hadi msusi akamfinya sikio atulie. Msusi alikuwa Redio. Alimsuka vizuri sana, mistari imenyooka, kwa kuwa alijua watu watamtazama.

"Ulinishika kichwa," Chaki alisema, "na ulikuwa unajua."

Akabeba begi lake. Ndani ya basi alifumua nywele hizo, msuko mmoja mmoja, mpaka jirani yake akahama kiti.

Nyumbani kitanda cha mama kilikuwa kimetolewa, na sakafu imepigwa deki. Kaka alikuwa uani chini ya gari, na hakuonyesha dalili ya kutoka.

"Toka huko. Hilo gari halina ugonjwa wowote."

Akatoka, grisi mpaka kwenye viwiko. "Mdogo wangu, tulifanya kwa ajili yako. Mama mwenyewe alisema tukuache usome."

"Alisema nisome akiwa mgonjwa. Alisema nisome akiwa amekufa?"

Kaka akatangulia kutoka uani. Wakaenda makaburini, yeye mbele, Chaki nyuma. Udongo ulikuwa bado mwekundu, haujashuka.

"Una deni langu," Chaki akasema. "Mazishi sikuyaona. Nisimulie, tangu asubuhi ile, na usiruke kitu."

"Mdogo wangu, yatakuumiza."

"Yamekwisha kuniumiza. Anza."

Akaanza. Mama aliamka akaomba chai, akanywa kidogo, akasema haina sukari, kumbe ilikuwa imejaa. Kisha akauliza kama Chaki amefika.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia uko njiani."

"Na mimi nilikuwa nakariri nadharia za malezi." Chaki alifuta pua kwa kiganja. "Endelea."

Shangazi ndiye aliyechagua gauni, lile la bluu. Jeneza lilikwama mlangoni, shangazi akasema, "Mwacheni, huyu hajamaliza kutugombeza," watu wakacheka huku wanalia. Mvua ilitaka kunyesha ikaghairi. Kaka alisimulia hadi sauti ikakauka, na pale alipotaka kuruka, Chaki alimrudisha.

"Na kwa niaba yangu, nani alitupa udongo?"

"Hakuna. Nilishindwa kumtaja mtu."

Chaki akainama, akachota konzi moja, akaiachia taratibu. Alilia hapo hapo, kwa sauti, bila kujiziba mdomo, na kaka akasimama karibu naye na mikono yake michafu, asijue pa kuiweka.

"Basi, kaka," akasema mwishowe. "Sikudai tena."