Zile Zilizopanda Juu

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Gitega, daktari mkuu wa maabara aliushika mkono wangu akaubandika kwenye kioo cha kupimia.

"Unasikia nini?"

"Baridi, daktari."

"Voilà. Hiyo baridi inaua. Mbegu ya mwanaume haiwezi hiyo, dada. Pasha kioo kwanza, kisha tuongee."

Amani ilikuwa imerejea nchini kwetu, nami nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nilikokulia kambini na kusomea ufundi wa maabara. Nilijua kupima malaria na damu. Kwamba maabara inaweza kumsaidia mtu apate mtoto, sikuwa nimewahi kusikia.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuosha mbegu. Zamani manii yalizungushwa kwa mashine, kasi sana, hadi mbegu zikakusanyika chini, na nyingi ziliumia. Yeye aliiacha kasi hiyo. Aliyatia manii chini ya mrija, akamimina juu yake maji maalumu yenye chumvi na sukari, polepole yasichanganyike, akaulaza mrija kidogo ndani ya kabati lenye joto la mwili. Kwa muda wa saa nzima, mbegu zenye nguvu hupanda zenyewe, dhaifu hubaki chini. Zile za juu ndizo daktari wa wanawake huziweka katika mji wa mimba, siku yai linapokuwa tayari.

Baadaye nilihamishiwa Muyinga. Huko alinijia Spesiyoza, mkulima wa Gasorwe, aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi. Miaka saba ya ndoa, hana mtoto, na mama mkwe alikuwa ameshamtafutia mwanawe mke mwingine. Vipimo vyake vyote vilikuwa vizuri. Nikamwomba aje na mumewe.

Nestori alikuja amevaa koti la kanisani, uso ameukunja.

"Mimi ni mzima, dada. Kilimani kwetu hakuna anayenishinda kulima."

"Kulima ni mikono, kaka. Hapa tunaangalia kitu kingine."

Mbegu zake zilikuwa chache, nyingi zikijikokota. Sikumsomea karatasi, nilimwita kwenye hadubini. Aliinama muda mrefu.

"Hizi zinazotembea ni zangu?"

"Zako. Ni chache, lakini zi hai."

Akakaa chini taratibu. "Basi miaka yote hii tumemsingizia mke wangu." Akaongeza, "Mama nitamwambia mwenyewe."

Na alimwambia, mbele ya ndugu zake wote. Spesiyoza aliponisimulia, nilishindwa kuendelea na kazi. Kwetu mwanaume wa namna hiyo ni nadra.

Niliporudishwa Gitega, Spesiyoza na Nestori walinifuata ili tuzioshe mbegu. Mara ya kwanza mimba haikushika. Mara ya pili, nimeweka tu mrija kabatini, umeme ukakatika, na jenereta ikagoma. Daktari mkuu alinitazama.

"We uko na homa?"

"Hapana, daktari."

"Basi mwili wako iko na joto ile tunatafuta. Weka kwapani."

Niliufunga mrija kwa bendeji, nikakaa wima saa nzima, nikiogopa hata kukohoa. Umeme uliporudi nikaweka tone chini ya hadubini, nikasahau kuhesabu. Zilikuwa zinakikata kioo kwa haraka, zote zikisonga mbele, kama sisi siku ile tuliyovuka mpaka kurudi nyumbani. Daktari mkuu alitazama, akavua miwani.

"Mi naona hii kila wiki," alisema kwa sauti ndogo, "na bado inanitetemesha."

Mimba ilishika. Mtoto wa kike alipoletwa tumwone, aliyembeba alikuwa mama mkwe, na hakukubali kumpa mtu mwingine. Nilikigusa tu kisigino cha mtoto.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Magarama, hapa Gitega. Ninyi vijana wa maabara mna makabati yanayotumia betri, na ninafurahi. Lakini waliorudi kwao mikono mitupu ni wengi kuliko waliopata, na majina yao ninayo kichwani. Kwa hao ufundi wangu ulikuwa mmoja tu, nami nawaombeni muushike: majibu msimpe mmoja akayabebe peke yake hadi nyumbani. Waketisheni mume na mke kwenye benchi moja, kisha ndipo msome.